Kabla hujapanda boti kwenda kutafuta jina la maradhi yako

Mwaka wa tatu huu asubuhi zangu zinaanzia vidoleni. Naamka kwa adhana ya alfajiri navikuta vimekaza, na mpaka jua la saa tatu ndipo vinakubali kukunjika. Mbuzi ya nazi nimemwachia binti yangu. Jioni homa ndogo hupanda, ikaondoka yenyewe. Vipimo vyote vimerudi na neno moja: "Uko sawa." Haya nayaandika kwa mwenzangu anayejua kwamba hayuko sawa, na anayejiandaa kwenda spitali kubwa, iwe Chake au Mkoani hapa Pemba, iwe Mnazi Mmoja kule Unguja.

Kabla ya nauli, tafuta daftari. Maradhi ya namna hii yana tabia ya kujificha siku ya daktari. Mara ya kwanza nilipokwenda niliitwa saa tano, vidole vimeshalainika, homa haipo. Daktari akanigeuza mikono, akaiona mizima, akaniandikia panadoli. Nilirudi nyumbani nikilia ndani ya daladala. Tangu siku ile naandika kila asubuhi, hata kama ni mstari mmoja: "Jumatatu. Nimeamka saa kumi na moja. Vidole vimefunguka saa tatu na robo. Kukamua nguo kumenishinda." Saa hizo ni ushahidi. Viungo vilivyochakaa kwa umri hukaza dakika chache tu baada ya kuamka, lakini ukakamavu unaopita saa nzima humfanya daktari afikirie maradhi ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, kama baridi yabisi au lupasi, na yote mawili huwapata zaidi wanawake. Usiandike "naumwa sana", kwani kila mtu foleni ile anaumwa sana. Andika ulikuwa ukikuna nazi mbili bila kupumzika na sasa nusu nazi inakushinda.

Na piga picha. Uvimbe, vipele, mabaka, chochote kinachokuja na kuondoka, kipige kwa simu karibu na dirisha, mchana, na sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani mwekundu. Hutokea kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na daktari mwenye haraka huweza kuupita.

Halafu kuna maneno. Mama yangu aliniambia, "Mwanangu, wewe una chango." Jirani akasema mshipa. Shangazi akasema upepo, nikasomewe Kurani. Sidharau hata moja katika hayo, kwani ndiyo lugha tuliyolelewa nayo kuyasema maumivu. Lakini "chango" kwa mmoja ni tumbo la hedhi, kwa mwengine ni kutoshika mimba, na daktari aliyetoka bara anaweza asilisikie kabisa. Basi ukishasema chango, onyesha kwa kidole panapouma, sema panauma vipi, panachoma, panakata au panavuta, na siku ya ngapi ya hedhi. Kama umesomewa au umekunywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, sema pia bila haya. Kisomo hakigombani na kipimo cha damu. Cha kutaja kwa uangalifu zaidi ni magome, mizizi na unga wa kunywa, kwa sababu baadhi huumiza ini na figo.

Vidonge vya dukani navyo. Wengi wetu tunanunua deksa au predinisoloni kwa sababu siku mbili tu mwili unakuwa mwepesi. Dawa hizo huzima uvimbe na homa kwa muda, na ukipimwa wakati huo majibu yanaweza kukuonyesha mzima. Lakini kama umezimeza kwa wiki nyingi usizikate ghafla ili upimwe "msafi". Mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, na kuziacha kwa mara moja ni hatari. Mwambie daktari, yeye atajua namna ya kuzipunguza. Daiklofenaki ya kila siku nayo hula tumbo na figo. Chukua paketi zote, hata tupu, uzitie mfukoni uende nazo.

Makaratasi ya zamani yapange kwa tarehe. Mimi nilipoyapanga sakafuni niligundua nimetibiwa malaria na taifodi mara saba kwa miaka miwili. Hapa naomba tuelewane vizuri. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu, kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Na kipimo cha Widali cha taifodi hutafuta askari wa mwili, si mdudu mwenyewe, kwa hiyo ugonjwa uliokwisha zamani unaweza kukitoa kikawa chanya. Malaria imepungua sana visiwani kwetu. Anayeambiwa anayo kila mwezi ana haki ya kuomba damu itazamwe kwa hadubini, na taifodi ithibitishwe kwa kuotesha damu maabara.

Yakumbuke na ya utotoni. Umeoga mto gani, umefua bonde gani? Kichocho Pemba na Unguja tunakijua kwa mkojo wa damu, lakini kwa mwanamke kinaweza kukaa kimya miaka mingi kikafanya vidonda sehemu za uzazi, damu isiyo ya wakati na maumivu ya tendo la ndoa, naye akatibiwa tena na tena maradhi ya zinaa asiyokuwa nayo. Ukiombwa mkojo wa kichocho, bora uwe wa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai ya minyoo ya kichocho hutoka zaidi wakati huo. Umewahi kupata chikungunya? Homa hiyo, ambayo jina lake limetoka kwa Wamakonde na iligunduliwa Tanganyika mwaka 1952, huweza kuacha viungo vinauma kwa miezi, hata miaka. Waulize na wazee: nani alikuwa na tezi ya shingo, nani na sukari, nani na siko seli. Majibu hayaji siku moja, wazee wetu wanaficha.

Safari yenyewe. Mkondo wa Nungwi unamchosha hata mzima, basi fika Unguja siku moja kabla, ulale kwa jamaa. Weka akiba ya siku tatu nne, kwani majibu mengine hayatoki siku hiyo. Uliza mapema kama damu itatakiwa ukiwa hujala. Ukiwa ndani ya Ramadhani, muulize daktari dawa za mara tatu kwa siku zitakaaje baina ya futari na daku. Kama mwili hauwezi saumu, ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul Baqara. Nenda na mtu aliyekuona siku mbaya. Mie nilikwenda na dada, akasema alivyonivalisha nguo, na daktari akaacha kuandika akanitazama. Yakifika mambo ya siri mwambie huyo uliyekwenda naye atoke nje kidogo.

Lakini kifua kikibana, pumzi ikikata, upande mmoja ukilegea ghafla, au homa kali ikaja na shingo kukaza, usingoje boti wala daftari. Kimbilia spitali iliyo karibu.

Ukiambiwa tena "vipimo viko sawa", usinyanyuke. Maana yake kilichotafutwa hakikuonekana. Kipandauso hakina kipimo cha damu, hujulikana kwa maelezo ya mgonjwa, na hakuna anayesema kipandauso si maradhi. Uliza kwa adabu: "Daktari, tumeshaondoa yapi, na yapi bado?" Jibu liandike pale pale, mbele yake, kwenye daftari lile lile. Langu lina majina matano yaliyofutwa kwa mstari na mawili bado hayajafutwa. Narudi Unguja mwezi ujao.