Somo: Bakteria wanavyoitoa nitrojeni kwenye tope la mikoko

Tunasema mikoko inachuja maji. Ukiuliza inachujaje, utajibiwa kwamba mizizi inafyonza uchafu. Ni kweli kwa sehemu tu, maana nitrojeni iliyofyonzwa huenda kwenye majani, na jani likianguka likaoza inarudi palepale. Wanaoiondoa kabisa, ikarudi hewani ilikotoka, ni bakteria wa topeni. Wasipoifanya kazi hiyo, nitrojeni ya majitaka hufika baharini ikastawisha mwani unaofunika nyasi bahari na matumbawe.

Hatua ya 1: Lisome tope

Usiruke hatua hii. Subiri maji yapwe. Chukua bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lididimize wima kama sentimita 20, ziba mdomo wa juu kwa kiganja, kisha lichomoe taratibu.

Juu utaona utando wa kahawia, mara nyingi milimita chache tu. Chini yake kijivu, halafu weusi. Kahawia ni chuma kilichokutana na oksijeni, kama kutu. Weusi ni chuma kilichoungana na salfaidi, aina ya salfa inayotokea mahali pasipo hewa. Mpaka kati ya rangi hizo ndipo kazi yote inapofanyika.

Sasa pasua tope kando ya tundu la kaa. Ukuta wa tundu ni wa kahawia, ingawa umezungukwa na weusi! Kaa amechimba, maji yenye hewa yameingia, na mpaka uliokuwa juu tu sasa unashuka hadi chini. Mizizi ya mchu, ile inayochomoza kama penseli, hufanya vivyo hivyo: hupeleka hewa chini na nyingine huvuja topeni.

Hatua ya 2: Amonia iwe nitrati

Vinyesi na mabaki yanayooza hutoa amonia. Kwenye utando wa kahawia kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati; zote mbili ni nitrojeni iliyoungana na oksijeni, nitrati ikiwa na oksijeni zaidi. Sergei Winogradsky, Mrusi, aliwachunguza karibu na mwaka 1890 akaonyesha kwamba wanaishi kwa nguvu ya amonia yenyewe, bila sukari wala mwanga. Ila oksijeni ni lazima.

Hatua ya 3: Nitrati iwe gesi

Nitrati huvuka mpaka na kuingia pasipo hewa. Huko bakteria wana chakula tele, majani yaliyooza, lakini hawana oksijeni ya kupumua. Basi wanapumua nitrati. Wengi wao wangepumua oksijeni kama ingekuwepo. Wanabadilisha kulingana na hali. Huinyang'anya nitrati oksijeni yake hatua kwa hatua: inakuwa nitriti, kisha oksidi ya nitriki, kisha oksidi ya nitrasi, na mwisho gesi ya nitrojeni, ileile iliyo asilimia 78 ya hewa.

Kimeng'enya cha hatua ya mwisho, yaani protini ya bakteria inayoifanya kazi hiyo, kinahitaji shaba, na huvurugwa na oksijeni na salfaidi. Kikikwama, oksidi ya nitrasi hutoroka, nayo huzuia joto angani zaidi ya mara 250 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Hatua ya 4: Njia ya mkato

Bakteria wa anamoksi huunganisha amonia na nitriti moja kwa moja na kutoa gesi ya nitrojeni. Engelbert Broda alitabiri mwaka 1977 kwamba lazima wawepo. Miaka ya 1990 walionekana kwenye mtambo wa majitaka huko Delft, Uholanzi. Katika tope lenye majani mengi mchango wao kwa kawaida ni mdogo kuliko wa hatua ya 3.

Hatua ya 5: Njia panda

Si nitrati yote inayotoka. Salfaidi ikizidi na chakula kikizidi, bakteria wengine huirudisha kuwa amonia, na nitrojeni inabaki topeni.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Je, tuelekeze bomba la majitaka mikokoni?

Marahaba. Hapana. Majitaka mabichi huja na uchafu mwingi unaomaliza oksijeni ya ule utando mwembamba. Hatua ya 2 ikisimama, hatua ya 3 haina nitrati ya kupumua. Mikoko ya Mikindani, Mombasa, imepokea majitaka kwa miaka mingi. Isiwe kisingizio cha kuiongezea. Isitoshe, vijidudu vya magonjwa haviondolewi na kazi hii.

Hewa imejaa nitrojeni. Mnajuaje iliyotoka topeni?

Swali zuri sana. Tunatia topeni nitrati yenye nitrojeni nzito, ambayo atomi yake ina uzito wa 15 badala ya 14. Gesi ya nitrojeni ni atomi mbili pamoja, basi ikitoka na uzito wa 29 au 30 badala ya 28, tunajua imepitia kwa bakteria. Hesabu yake ilitolewa na Lars Peter Nielsen mwaka 1992.

Naweza kununua bakteria nikamwaga kwenye hori letu?

Usipoteze pesa, ndugu. Wapo tayari. Kinachokosekana ni mpaka wenyewe. Pima mraba wa mita moja mahali penye mikoko hai, hesabu matundu ya kaa, kisha fanya hivyo mahali palipokatwa. Chomoa bomba pande zote mbili, piga picha rangi za tope, utuletee hapa tuzisome pamoja.