Chujio la mchanga la nyumbani: namna ya kulijenga na kuvitunza vijidudu vyake

Chujio hili lina uhai. Kwenye sentimita chache za juu za mchanga hujengeka utando wa vijidudu, navyo hula bakteria wa kuhara na kipindupindu wanaonaswa hapo. Vipimo vifuatavyo ni vya kasha la zege linalomiminiwa lita 12 kwa mkupuo, mtindo uliotokana na kazi ya David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada.

Tafuta mchanga wa mawe yaliyosagwa machimboni. Wa mtoni hubeba mboji na vimelea, wa baharini una chumvi. Uanike ukauke, kisha uchekeche kwa nyavu za milimita 12, 6 na 0.7. Kinachobaki kwenye wavu wa 6 ni kokoto za chini. Kinachobaki kwenye wa 0.7 ni changarawe ya kutenganisha, kinachopita 0.7 ndicho mchanga wa kuchujia.

Kokoto na changarawe zioshe mpaka maji yatoke meupe. Mchanga usiuoshe hivyo, na hapa ndipo wengi huharibu: vumbi lake likiisha lote, maji yatapita mbio na vimelea navyo, likibaki jingi, chujio litaziba. Weka mchanga kidogo kwenye chupa ya kioo yenye maji, zungusha, subiri sekunde 4, tazama. Uso wa mchanga ukionekana kwa taabu, acha kuosha.

Panga sm 5 za kokoto kuzunguka mdomo wa bomba la kutolea lililo chini ya kasha, kisha sm 5 za changarawe. Jaza maji hadi nusu ya kasha, ndipo umimine mchanga wa sm 54 hivi. Ukitanguliza mchanga mkavu, hewa hunaswa ndani na maji hugoma kupita. Juu weka sinia yenye matundu ya mm 3, maji yasichimbe mchanga.

Mtiririko ukikoma wenyewe, maji yabaki sm 5 juu ya mchanga. Yakizidi sana, oksijeni haifiki kwenye utando. Yakipungua, utando hukauka na kufa. Ndiyo maana bomba la kutolea halifungwi koki wala mpira: mpira huvuta maji yote hadi mchanga ubaki mkavu.

Sasa jaza kasha na upime. Lita ya kwanza isichukue chini ya dakika 2 na nusu. Ikiwahi, mchanga uliuosha mno.

Utando huchukua hadi siku 30 kukomaa. Mimina kila siku, maji ya chanzo kilekile. Kati ya mmimino mmoja na mwingine pasipungue saa 1 wala pasizidi saa 48. Maji ya tope yatuamishe kwanza: weka chupa ya lita 2 juu ya maandishi makubwa, na kama herufi hazionekani, bado. Klorini itie kwenye ndoo ya kupokelea tu, hata baada ya siku hizo 30. Ukiitia juu ya chujio, umeua utando wako mwenyewe.

Mtiririko ukizidi kuwa wa taratibu, toa sinia, koroga maji ya juu kwa kiganja bila kuchimba, chota tope umwage, rudia. Utando utajijenga tena. Siku chache za mwanzo tumia klorini kwa uangalifu zaidi.

Floraidi na chumvi hazinaswi hapa, jambo zito kwa visima vya ukanda wa Arusha, ambavyo vingi hupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mg 1.5 za floraidi kwa lita. Huko ndiko Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alikounganisha mchanga na chembe za nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kazi iliyompa tuzo ya uhandisi ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Ukiongeza hatua ya nano, iwe chungu chenye chembe za madini ya fedha au kichungi cha floraidi, ikae baada ya mchanga. Fedha huua bakteria bila kubagua, na wale wa kwenye utando wako nao ni bakteria.