Kubadili vitufe vya kuhama kutoka imeili moja hadi nyingine kwenye Gmail

Juzi nilikaa na dada yangu, ambaye yuko ofisi ya uwakala wa forodha. Kutwa anafungua imeili za makontena, na kitufe cha J cha laptopu yake kinakwama: ukikigusa mara moja kinaandika "jjjj". Kwenye Gmail, J hukushusha kwenye barua ya zamani zaidi na K hukupandisha kwenye mpya zaidi. Basi kila akigusa J anaruka barua nne, na siku moja kati ya alizoziruka kulikuwa na hati ya kutolea mzigo. Kazi ya J tukaihamishia H.

Haya yanafanyika kwenye kompyuta, ndani ya kivinjari. App ya simu haina mpangilio huu.

Hatua ya 1. Bofya alama ya gia, kisha "See all settings".

Hatua ya 2. Hapa soma polepole, maana mimi mwenyewe nilipoanza nilipoteza mchana mzima. Swichi ziko mbili, kurasa tofauti. Ya kwanza iko "Advanced": kwenye "Custom keyboard shortcuts" weka "Enable". Shuka hadi chini kabisa, bofya "Save Changes". Gmail itakurudisha kwenye kikasha. Rudi tena kwenye gia, ukurasa wa "General", tafuta "Keyboard shortcuts", chagua "Keyboard shortcuts on", shuka tena chini, hifadhi tena.

Mimi niliwasha ile ya kwanza tu. Ukurasa wa kubadilishia vitufe ukatokea, nikaandika herufi zangu, nikahifadhi, nikabonyeza: kimya. Nikabadilisha kivinjari, nikazima na kuwasha mashine, bado. Ukurasa ule kuonekana hakumaanishi kwamba vitufe vimewashwa. Anayeviwasha ni "General". Na usihamie ukurasa mwingine kabla ya kuhifadhi huo uliopo.

Hatua ya 3. Fungua ukurasa mpya wa "Keyboard Shortcuts". Kwenye mstari wa "Older conversation" futa j, andika h. Kila kazi ina visanduku viwili, kwa hiyo unaweza kuipa vitufe viwili. Kwanza pitia orodha yote uhakikishe herufi unayoitaka haijashikwa na kazi nyingine. Ninapendelea H kwa sababu iko karibu na K, mkono wa kulia unabaki palepale. W na R ziache: zimepakana na E, na E huondoa barua kwenye kikasha na kuipeleka kwenye kumbukumbu. Kidole kikiteleza, barua ya mteja imeondoka mbele ya macho yako. Hifadhi.

Hatua ya 4. Jaribu. Herufi ikijiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, kishale kiko humo, bonyeza Esc. Ukishafungua mazungumzo yenye majibu mengi, N na P ndizo zinazokupitisha kwenye jibu moja moja, na U inakurudisha kwenye orodha.

Wapo watakaokushauri uweke programu ndogo ya nyongeza kwenye kivinjari. Kwa kazi hii sikubali. Nyingi huomba ruhusa ya kusoma barua zako zote, na humo mna ankara na hati za watu.

Mpangilio huu unakaa kwenye akaunti. Dada alipoingia kwenye kompyuta ya mapokezi, H ilimshusha barua moja, kama kwenye laptopu yake.