Ndugu Anapouawa: Namna ya Kuizuia Familia Isilipe Kisasi

Hatari ya kisasi haiko sana usiku wa kwanza wa msiba, kwa kuwa watu bado wamepigwa na bumbuazi. Huja siku ya kuondoa matanga, wageni wakishaaga na vijana wakibaki barazani kutajiana jina la mtuhumiwa. Mzee wa familia, awe wa Ngamiani, Tanga mjini, au wa Pangani, asiwaache peke yao siku hiyo, wala asiwatulize kwa maneno matupu ya subira, bali awaeleze sheria ilivyo.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imeweka adhabu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Anayeua papo hapo kwa kughadhibishwa ghafla, kabla hasira haijapoa, anaweza kuhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Lakini kijana aliyekaa siku tatu akinoa panga na kupanga na wenzake hana utetezi huo, na wenzake hao wanaweza kuunganishwa naye katika mashtaka. Kesi ya mauaji haina dhamana. Tena mtuhumiwa akishauawa hashtakiwi, na kama alitumwa, aliyemtuma amesalimika.

Wanaotumia dini kuchochea wakumbushwe kwamba aya ya 33 ya Sura ya Al-Israa, inayompa mrithi wa aliyeuawa kwa dhuluma mamlaka, inamkataza palepale kupita kiasi, na masheikh wanafundisha kwamba kisasi hakitekelezwi na mtu mmoja mmoja. Mkristo anayo Warumi 12:19, inayomkataza kujilipizia kisasi.

Nguvu za vijana zielekezwe kwenye ushahidi, na hapa ndipo familia nyingi zinapoharibu. Kwa desturi yetu ya kuharakisha maziko, mwili huoshwa mapema, na alama alizopaswa kuziona daktari huondoka na maji. Polisi waitwe kwanza, na mwili usioshwe wala kuzikwa kabla ya uchunguzi wa daktari, ambao kwa wakazi wa Tanga mjini hufanyika hospitali ya Bombo. Kuufukua baadaye kunahitaji amri ya mahakama, na ni uchungu wa pili. Kanzu au shati lenye damu lisifuliwe, likabidhiwe kwa mpelelezi. Simu ya marehemu isifunguliwe na kila mpwa anayeijua namba ya siri, na ujumbe wowote usifutwe. Aliyeona au kusikia jambo aandike maelezo polisi yeye mwenyewe, kabla masimulizi ya barazani hayajamchanganya. Mtu mmoja tu wa familia, mtulivu na anayejua kusoma vizuri, atunze namba ya jalada na jina la mpelelezi.

Familia iandaliwe pia kwa siku ya kwanza mahakamani. Hakimu atasema mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote, nao ndugu watatoka nje wakinong'ona kwamba ameshanunuliwa. Sivyo: mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shtaka la mauaji, ambalo kwa kawaida husikilizwa Mahakama Kuu baada ya upelelezi kukamilika. Kesi itaahirishwa mara nyingi, na huko kuahirishwa ndiko kunakorudisha mazungumzo ya panga. Mwenye dukuduku amwendee wakili wa serikali wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, si mtuhumiwa.

Upande wa pili ukileta wazee na fedha za diya, yaani fidia ya damu, familia inaweza kusamehe moyoni, lakini ijue kwamba mshtaki ni Jamhuri, hivyo fedha hizo haziifuti kesi. Anayepokea ili mashahidi wasifike anatenda kosa jingine, na kwa maoni yangu huyo amemuuza marehemu.

Mshtakiwa akiachiwa huru, wazee wakutane na vijana jioni ileile. Wakili wa serikali aulizwe mapema kama upande wa mashtaka utakata rufaa katika Mahakama ya Rufani, kwa sababu taarifa ya rufaa hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu siku ya hukumu.