Kuitambua dinari ya Karolo Mkuu kwa mizani ya sonara

Ukiletewa dinari, sarafu ya fedha ya Karolo Mkuu (Charlemagne), mfalme wa Wafaranki wa Ulaya magharibi, usiipeleke kwenye jiwe. Ya kwanza kuletewa hapa Majengo, Dodoma, niliiburuza kwenye jiwe la kupimia kama nifanyavyo na vipuli vya kina mama, na mkwaruzo ule hautoki tena. Mwenye mali, kijana wa chuo, alinitazama tu. "Mzee, hiyo ina miaka elfu na mia mbili."

Anza na mizani ya dhahabu, ile inayosoma hadi pointi mbili. Dinari za mwanzo za Karolo huja kama gramu 1.3. Kwenye 793 hivi akaongeza uzito hadi karibu 1.7, na mwaka 794 mkutano wa Frankfurt ukaamuru zipokewe kila soko. Muungwana aliyezikataa alitozwa solidi 15. Solidi moja ni dinari 12, na solidi 20 ni pauni. Wazee wetu walioita shilingi ishirini "paundi" walikuwa kwenye hesabu hiyohiyo bila kujua.

Sasa chukua lenzi, usome herufi. Ukikuta RP upande mmoja na RF upande wa pili, hiyo ni ya baba yake, Pippin, aliyefariki 768. CARO juu na LVS chini yake ni Karolo wa zile nyepesi. Nzito zina jina lake, KAROLVS, lililofumwa msalaba: K kushoto, R juu, L chini, S kulia. Irabu usizitafute pembeni. Umbo la almasi la katikati ndilo O, nusu yake ya juu ni A, ya chini ni V. Mimi ilinichukua jioni nzima kuliona.

Ikiandikwa METVLLO, imetoka Melle, magharibi mwa Ufaransa, kwenye machimbo ya fedha. Hapo tulia. Mjukuu wake, Charles aliyeitwa Kipara, alipiga sarafu za sura ileile, na mabingwa bado wanabishana. Andika majina yote mawili kwenye karatasi yako.

Za bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu: utaona vitundu vidogo vya hewa, na mshono ukingoni. Halisi ilipigwa kwa nyundo, kwa hiyo msalaba kukaa upande si kosa.

Usiisugue kwa ndimu wala majivu.

Ile ya kijana ilisoma 1.66, K imefutika nusu. Ada ya kupima sikumdai.