Taa za dashibodi kwenye haibridi iliyozeeka: mambo ya kuzingatia kabla hujampa fundi funguo

Haibridi, yaani gari la injini ya petroli na mota ya umeme, iliyotumika Japani miaka kadhaa, kisha ikala miaka mingine kwenye foleni na vumbi la Dar, itawasha taa. Iwe Prius, iwe Aqua, siku hiyo itafika. Kinachoamua ukubwa wa hasara ni yale unayoyafanya kati ya taa kuwaka na fundi kufungua boneti.

Anza na rangi. Njano inakupa nafasi ya kufika nyumbani na kupanga. Nyekundu inakutaka usimame mahali salama. Pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao haitaji ugonjwa wowote. Kazi yake ni kukuambia usome taa nyingine na maandishi yaliyotokea kwenye kioo cha dashibodi.

Piga picha ya dashibodi nzima kabla hujazima gari. Kama maandishi ni ya Kijapani, simu itayatafsiri baadaye. Andika na mazingira: ulikuwa unapanda mlima au umesimama foleni, jua kali au mvua, AC imewashwa au haijawashwa.

Usiendeshe mpaka tanki likauke. Petroli ikiisha gari litaendelea kutambaa kwa umeme, dereva anafurahi, na huku betri kubwa, ile inayolisha mota, inanyonywa. Pembetatu itawaka, na lita mbili za kwenye kidumu zinaweza zisitoshe kuiamsha injini.

Kabla mtu hajakutajia betri kubwa, ipimwe kwanza betri ndogo ya volti 12. Kwenye Prius iko nyuma ndani ya buti, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri nzima husoma kama volti 12.6, ikisoma chini ya 12, iko hoi. Gari likiwa kwenye READY, yaani limewashwa na liko tayari kuondoka, inapaswa kusoma karibu na 14, maana haibridi hizi hazina altaneta, betri ndogo inachajiwa na umeme wa betri kubwa. Ikichoka huwasha taa zisizohusiana kabisa: ABS, usukani, pembetatu, zote kwa pamoja. Ukibusti, chanya iende kwa chanya. Waya zikigeuzwa unaweza kuunguza vifaa ambavyo bei yake itakukosesha usingizi.

Feni ya betri kubwa ina tundu la kuvutia hewa, pembeni mwa kiti cha nyuma au chini yake. Watu wanaliziba kwa mabegi, nguo za watoto, hata magunia ya mkaa. Vumbi na nywele zikijaa humo, betri inapikika. Lisafishwe kila gari linapokwenda sevisi, na ukimkuta fundi wa haibridi asiyejua tundu hilo liko wapi, rudi na gari lako.

Breki zisisubiri. Ule mlio wa pampu unaosikika ukifungua mlango ni wa kawaida. Lakini gari likiwa limesimama na pampu ikawa inalia kila baada ya sekunde chache, halafu ABS na taa nyekundu ya breki zikawaka, usiende nalo popote.

Sasa hili la kufuta taa, ambalo watu wengi hawaambiwi mapema.

Shemeji yangu ni mwalimu, ana haibridi ya zamani. Pembetatu iliwaka mchana wa jua kali kwenye foleni ya Mbezi, ikaambatana na taa ya injini. Alipofika gereji, kijana akachomeka mashine ndogo ya kusomea hitilafu, akabonyeza, taa zikazimika. “Tayari mwalimu, ilikuwa ni hitilafu tu ya sensa.” Hakuna aliyeandika namba ya hitilafu ambayo mashine ilisoma. Shemeji akalipa, akashukuru, na kweli gari likatembea wiki kadhaa bila shida, asubuhi na jioni, jua likiwa limepoa.

Ukatokea msiba Iringa. Walipita Ruaha Mbuyuni salama, wakaanza kuupanda Kitonga. Katikati ya kona, malori mbele na nyuma, gari likapoteza nguvu na pembetatu ikarudi. Waliokuwa ndani ni watu wazima na mtoto mchanga. Walisukuma gari pembeni mahali ambapo hakuna pembeni ya kutosha. Lilivutwa mpaka mjini, na fundi wa pili naye akafuta taa kwanza, kisha akasema betri kubwa imekufa. Ikanunuliwa betri ya mtumba kutoka Dar, ikaja kwa basi, ikafungwa. Safari ya kurudi, kwenye kilima cha kwanza chenye joto, taa ileile.

Fundi wa tatu aliuliza swali moja: “Mara ya kwanza ilisoma namba gani?” Hakuna aliyeijua. Akakataa kufuta chochote. Mashine yake ilisoma P0A93, yaani mfumo wa kupoza inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota, haufanyi kazi vizuri. Akaweka gari kwenye READY, akafungua kifuniko cha chupa ya kulanti (maji ya kupozea) ya inveta, akamwita shemeji aangalie. Maji yametulia tuli. Pampu ikiwa nzima, yanachezacheza. Pampu ndogo ya umeme ilikuwa imekufa tangu siku ile ya Mbezi, na bei yake ilikuwa kipande tu cha bei ya betri ambayo haikuhitajika. Hela ile shemeji alikuwa ameitenga kwa ada za shule.

Elewa kwa nini kufuta kunaumiza. Hitilafu inapotokea, kompyuta ya gari huhifadhi pamoja na namba hali ya dakika ile: mwendo, joto, volti. Fundi akibonyeza kufuta, ushahidi wote huo unaondoka na ugonjwa unabaki. Toyota nyingi za kundi hili huongeza na namba ya tarakimu tatu inayoonyesha upande wa tatizo, na mashine za bei rahisi haziioni kabisa. Nyingine husoma kompyuta ya injini peke yake na kuiacha ya haibridi. Kwa hiyo uliza kabla hajachomeka: mashine yako inasoma mfumo wa haibridi? Namba zote zipigwe picha, na hakuna kufuta mpaka wewe umekubali. Kuchomoa betri ndogo “ili gari lijisahihishe” nako kunaweza kufuta kumbukumbu hizo.

Ukiambiwa P0A80, yaani betri kubwa imechoka, omba uone. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli, yaani vipande vinavyounda betri, 28, jumla volti 201.6, Aqua ina 20, volti 144. Fundi akuonyeshe volti za kila kundi la moduli gari likivuta mlima. Kundi moja likianguka mbali na wenzake, hapo kuna mazungumzo. Yote yakienda sawa, aendelee kutafuta.

Waya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkubwa, usiziguse, wala usimruhusu mtu asiye na glavu za umeme. Plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa ikishachomolewa zisubiriwe dakika 10 kabla ya kugusa inveta, kwa sababu kapasita bado zimebeba umeme.

Unayenunua gari la mkononi, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki. Taa ya injini na nyingine za tahadhari lazima ziwake kwanza. Isiyowaka kabisa huenda imefichwa. Mashine ikionyesha kuwa vipimo vya ndani havijakamilika, huenda taa zilifutwa asubuhi ile.

Likikwama, libebwe juu ya gari la kubebea, magurudumu ya mbele yasiburuzwe barabarani, maana yakizunguka yanazungusha mota. Spea ya zamani uipewe mkononi. Risiti zitunze. Usiwaachie gari mafundi wawili kwa wakati mmoja, na usianze safari ya mbali na taa ambayo hakuna aliyekueleza sababu yake, hata kama imezimika yenyewe, hata kama kila mtu ameshapanda na mizigo imefungwa.