Unakwenda Bangkok kikazi? Kadi ya njano iwe mkononi mwako

Nilitua Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, alfajiri nikitokea Muscat. Viza nimeichapa, barua ya mwaliko ninayo, hoteli imeshalipiwa na ofisi. Nikasimama kwenye foleni ya uhamiaji zaidi ya saa nzima. Dada wa dirishani akafunua pasipoti yangu ya Tanzania, akauona mhuri wa kutoka Dar wa siku tisa nyuma, akataka kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kadi ilikuwa kwenye begi kubwa, na begi kubwa lilikuwa upande wa pili wa dirisha lile.

Bila kadi hupigiwi mhuri wa afya, na bila mhuri huo hupiti kulifuata begi lenye kadi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki hadi saa saba mchana, kipande cha lebo ya begi mkononi, nikimsubiri mhudumu wa shirika la ndege alitafute. Kikao changu kilikuwa saa nne. Waliendelea bila mimi, na bosi alizipata habari kabla sijampigia.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: kadi ya njano haipakiwi. Inakaa pamoja na pasipoti, begi la mkononi, tangu unatoka nyumbani mpaka unafika hotelini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa naishi Oman, sharti hili si langu. Thailand inaangalia ulikopita. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha yao. Ukienda nyumbani kwa msiba wa siku tatu kisha ukapaa kwenda Bangkok, umetoka kwenye nchi ya orodha. Ukishuka kwenye ndege usikimbilie foleni ya uhamiaji kama nilivyofanya. Tafuta kwanza bango la Health Control, yaani ukaguzi wa afya, jaza fomu yao, onyesha kadi, pigiwa mhuri, ndipo uende dirishani. Kazi ya dakika chache kwa mwenye kadi mkononi.

Halafu tarehe. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Ukichomwa Jumatatu ukasafiri Ijumaa, kadi yako itaanza kuwa halali Alhamisi ya wiki inayofuata, si siku unayosafiri. Mwenye kadi ya zamani asihangaike kuchanjwa tena, maana tangu Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha. Hakikisha tu jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Sasa ndugu zetu wa nyumbani. Begi langu alilifunga shangazi kule Tanga, Mungu ampe umri, na kwa mapenzi yake aliweka "makaratasi yote" chini kabisa, katikati ya nguo, yasiibiwe njiani. Shangazi, mwizi wa kadi ya chanjo hayupo. Na wewe binamu unayejua mtu anayeigonga kadi bila sindano, tafadhali mwache mwenzio aende kituo cha afya akachanjwe. Homa ya manjano inaua, na kadi ya kughushi ni kesi katika nchi ambayo huna mjomba.

Nimewasikia Waafrika wenzangu wakisema huu ni ubaguzi. Mimi sikubaliani. Mbu anayeibeba homa hii wamejaa Bangkok, ndio hao hao wanaowaletea dengi, lakini ugonjwa wenyewe haujawahi kuenea Asia. Ningekuwa Mthai, nami ningelinda mlango. Nilichojifunza kwao ni kwamba kelele hazisaidii. Sisi tumezoea kwamba ukipaza sauti, mkubwa atatoka ofisini amalize jambo. Kule ukipaza sauti umejivunjia heshima, na anayekuhudumia anakuwa mpole zaidi na kufanya kidogo zaidi. Yule dada alitabasamu tangu mwanzo mpaka mwisho, na sharti halikusogea hata inchi. Nilipoteremsha sauti na kuinamisha kichwa kidogo, ndipo mtu alipokwenda kulitafuta begi.

Mengine ni ya kawaida. Viza omba mtandaoni mapema, na usiende kikazi kwa viza ya utalii. Kadi ya kidijitali ya kuingilia, iliyoanza Mei 2025, jaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, kwa hiyo tovuti yoyote inayokudai pesa ifunge. Ya serikali inaishia na go.th. Chakula cha halali kipo tele mitaa ya Nana, Sukhumvit. Kuingia mjini panda treni ya uwanjani hadi Phaya Thai, haizidi baht 45, maana barabara za jioni zitakulaza ndani ya teksi.

Na picha ya kadi kwenye simu piga, iwe akiba. Mimi nilikuwa nayo. Walitaka kadi yenyewe.